Mlipuko Ndani ya Kuta: Funzo kwa Askari Kutoka Nchi Jirani



Katika muda wa miaka 35, nchi tatu za upande huu wa Afrika zilipatwa na misiba mitatu mikubwa iliyotokana na milipuko. Tarehe 6 Juni, 1972, mgodi wa makaa ya mawe wa Wankie, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia na ambayo sasa ni Zimbabwe, ulilipuka na kuua watu zaidi ya 420. Tarehe 7 Agosti, 1998, lori lililojazwa baruti lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, Kenya, likaua watu 213 na kujeruhi maelfu. Tarehe 22 Machi, 2007, ghala la silaha la Malhazine, katika mji wa Maputo, Msumbiji, lililipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha yao.

Misiba hiyo haikuwa na chanzo kimoja. Ule wa Wankie ulikuwa ajali ya kazini. Ule wa Nairobi ulikuwa uhalifu uliopangwa na watu waliodhamiria kuua. Ule wa Maputo ulitokana na silaha kuukuu zilizowekwa mahali pasipofaa, karibu mno na makazi ya watu. Lakini kanuni za maumbile hazitazami nia ya mtu wala bendera ya nchi. Katika misiba yote mitatu kanuni ileile ilifanya kazi, nayo yafaa ifahamike vyema kwa kila mwanajeshi na kila askari polisi, kwa maana yeye ndiye anayelinda lango kabla ya mlipuko, na ndiye anayetumwa kuingia ndani baada ya mlipuko.

Kanuni yenyewe ni hii: madhara ya mlipuko hayatokani na wingi wa baruti peke yake. Hutokana pia na mahali ambapo baruti hiyo imelipukia. Kiasi kilekile ambacho uwanjani kingemwangusha mtu na kumwacha hai, ndani ya chumba chaweza kumwua yeye na wenzake wote, na kuwaangushia paa juu yao. Watu wengi hudhani kwamba ukuta ni kinga. Ukuta ni kinga kwa yule aliye upande wa pili wa mlipuko. Kwa yule aliye upande mmoja na mlipuko, ukuta huohuo ni adui wa pili.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuanza na lile ambalo wataalamu wa fizikia huliita kanieneo. Kanieneo ni kani inayokandamiza uso wa kitu, ikigawanywa kwa eneo la uso huo. Hewa tunayoivuta ina kanieneo yake. Usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila kitu kwa uzito unaokaribia kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mwanadamu hausikii uzito huo kwa sababu hewa humkandamiza kutoka pande zote, na mwili wake nao husukuma kutoka ndani kwa kiasi hichohicho. Mlango uliofungwa hauvunjiki kwa kuwa hewa ya nje na hewa ya ndani zinalingana nguvu. Kinachovunja ni tofauti. Pindi upande mmoja unapozidi upande mwingine, hata kwa kiasi kidogo, matokeo yake ni makubwa kuliko watu wanavyokisia.

Chukua mlango wa kawaida wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90. Eneo lake ni sentimita za mraba 18,000. Iwapo kanieneo ya ndani ya chumba itapanda kwa sehemu moja tu kati ya kumi ya kanieneo ya hewa, yaani gramu 100 juu ya kila sentimita ya mraba, mlango huo utasukumwa kwa uzito wa kilo 1,800. Uzito huo ni sawa na gari dogo lililoegemezwa mlangoni kwa ghafula, na hakuna bawaba wala komeo la nyumba ya kawaida litakalostahimili. Kioo cha dirisha huvunjika kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo. Ukuta wa matofali usiotiwa nondo nao waweza kuanguka kwa ongezeko hilohilo la sehemu moja kati ya kumi.

Askari ana mfano ulio karibu zaidi mkononi mwake, nao ni bunduki. Baruti iliyomo ndani ya ganda la risasi ikimwagwa juu ya udongo na kuwashwa, huwaka kwa mwali mkali, ikatoa moshi, ikaisha. Haimdhuru mtu aliyesimama hatua chache kutoka hapo. Lakini baruti hiyohiyo ikifungiwa ndani ya ganda, na ganda likafungiwa ndani ya chemba ya bunduki, gesi inayotokea haina pa kwenda. Katika bunduki za kivita za siku hizi, kanieneo ndani ya chemba hupita mara 3,000 ya kanieneo ya hewa, na kichwa cha risasi hutoka mtutuni kwa mwendo unaozidi mwendo wa sauti mara mbili. Baruti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba imefungiwa, na kadiri gesi inavyozidi kubanwa ndivyo baruti iliyobaki inavyozidi kuungua kwa haraka.

Mfano wa pili ni ule wa pipa la petroli. Katika karakana nyingi watu huogopa pipa lililojaa na kulidharau pipa lililo tupu. Ukweli ni kinyume chake. Ndani ya pipa lililojaa kuna nafasi ndogo ya hewa. Ndani ya pipa linaloitwa tupu kuna mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo, ukiwa katika kipimo chake, hulipuka kwa cheche moja ya fundi wa kuchomelea vyuma. Gesi ya namna hiyo inapoungua, joto hupanda na kukaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ndani ya chombo kilichofungwa kabisa kanieneo huweza kupanda mara saba au nane. Mfuniko wa pipa wenye kipenyo cha sentimita 57 ungepaswa kustahimili zaidi ya tani 17. Hauwezi. Hung'oka mapema, na humkata yeyote aliyesimama mbele yake.

Hapo ndipo ulipo msiba wa Wankie. Makaa ya mawe yanapochimbwa hutoa gesi iitwayo methani, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo ikiwa chini ya sehemu 5 kati ya 100 za hewa, haitoshi kulipuka. Ikizidi sehemu 15 kati ya 100, hewa ya kuiunguza ndiyo isiyotosha. Kati ya vipimo hivyo viwili, cheche moja yatosha. Lakini methani peke yake, mara nyingi, huwa ni mwanzo tu. Upepo unaosukumwa mbele ya mwali hutimua vumbi la makaa lililolala sakafuni na kutani kwa miezi mingi, nalo vumbi hilo likichanganyika na hewa huwa baruti kamili. Mwali unaofuata nyuma hulikuta limekwisha tayarishwa. Hivyo mlipuko hujitengenezea chakula chake mwenyewe huku ukienda mbele.

Zaidi ya hayo, njia ya mgodini ina tabia ya mtutu wa bunduki. Uwanjani, wimbi la mlipuko hutawanyika kila upande, na kadiri linavyokwenda mbali ndivyo linavyogawanyika juu ya eneo kubwa zaidi na kupoteza nguvu. Ndani ya njia nyembamba ya chini ya ardhi halina pa kutawanyikia. Hulazimika kufuata njia, likipita kona baada ya kona, likiwafikia watu waliokuwa mbali ambao pengine hawakujua kwamba kuna jambo lolote lililotokea. Dunia ililijua jambo hilo tangu tarehe 10 Machi, 1906, pale mlipuko wa vumbi la makaa katika migodi ya Courrières, nchini Ufaransa, ulipoua watu 1,099. Baada ya hapo migodi mingi ilianza kunyunyiza vumbi la mawe ya chokaa juu ya vumbi la makaa, kwa sababu vumbi la mawe haliungui, nalo likitimuliwa pamoja na lile la makaa hunyonya joto la mwali na kuuzima.

Wachimbaji waliokufa Wankie hawakuwa wa nchi moja. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotoka Zambia, Malawi na Msumbiji kutafuta riziki. Waokoaji walishuka, lakini hewa yenye sumu na hatari ya milipuko mingine viliwalazimu kuacha kazi hiyo, na miili ya wengi wa marehemu imebaki chini hadi leo. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, na tena mwaka 1977, migodi ya makaa ya Moatize katika jimbo la Tete, Msumbiji, nayo ililipuka na kuua wachimbaji wengi. Gesi iliyowashinda waokoaji mahali pa namna hiyo huitwa kaboni monoksidi. Hutokea pale kitu kinapoungua mahali penye hewa kidogo. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi koo. Mtu huivuta bila kujua, akaishiwa nguvu za miguu kabla hajaingiwa na wasiwasi.

Hadi hapa maelezo yamehusu gesi na vumbi, ambavyo huungua kwa haraka. Baruti kali za kijeshi, kama ile iitwayo TNT, zina mwendo mwingine kabisa. Hizo haziungui, bali hupasuka. Mpasuko hupita ndani ya TNT kwa mwendo unaokaribia mita 7,000 kwa sekunde, na kilo moja tu hugeuka kuwa gesi ya moto ambayo, hata ikisha kupoa, ingejaza lita 700 au zaidi. Hewa inayoizunguka haina nafasi ya kusogea taratibu. Hubanwa ikawa kama ukuta mwembamba unaosafiri kasi kuliko sauti. Huo ndio unaoitwa wimbi la mshindo.

Wimbi hilo likipiga ukuta ulio imara, halisimami hapo likafa. Hurudi. Na mahali linapopigia ukuta, hewa inayokuja hukutana na hewa inayorudi, hata kanieneo juu ya ukuta huo ikawa maradufu ya ile ya wimbi lenyewe. Hiyo ni kwa wimbi dhaifu. Kwa wimbi lenye nguvu nyingi, hesabu za fizikia zaonyesha kwamba kanieneo ya kurudi yaweza kufikia mara nane. Ndani ya chumba, basi, mtu hapigwi mara moja. Hupigwa na wimbi la kwanza, kisha na lile lililorudi kutoka ukuta wa nyuma, kisha lile la dari, kisha lile la sakafu, yote hayo katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Aliyejikunja pembeni akidhani amejificha ndiye aliye mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu pembeni kuta mbili na sakafu hurudisha mawimbi yake kwa pamoja.

Baada ya mawimbi hayo kuja tatizo la pili, ambalo uwanjani halipo. Gesi ya moto iliyozalishwa haina pa kutokea. Hubaki chumbani, na kanieneo yake huendelea kusukuma kuta, dari na nguzo mpaka ipate tundu la kupitia au ijitengenezee tundu lenyewe. Tena TNT haina oksijeni ya kutosha ndani yake. Ikilipuka, masizi na gesi zake hukutana na hewa ya chumba na kuungua upya, na joto linalotokana na kuungua kikamilifu hufikia mara tatu hivi ya lile la mpasuko wa kwanza. Wimbi la mshindo hupiga kama nyundo, lakini gesi iliyofungiwa husukuma kama jeki. Jengo lililostahimili nyundo laweza kushindwa na jeki.

Kwa kufahamu hayo, kitendo kimoja cha Nairobi cha mwaka 1998 chapata maana yake kamili. Lori lile lilikwenda nyuma ya ubalozi, upande wa lango la kuingilia maegesho ya magari yaliyo chini ya jengo. Walinzi waliokuwapo, ambao hawakuwa na bunduki, walikataa kufungua kizuizi. Mmoja wa wauaji akatupa bomu la mkono, na muda mfupi baadaye lori likalipuka pale nje, kati ya majengo. Madhara yalikuwa ya kutisha. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote, na jengo refu la benki lililo karibu lilipoteza vioo vyake. Lakini lori lile halikulipukia chini ya jengo.

Nini kingetokea kama lingelipukia chini ya jengo? Mji wa New York, Marekani, ulikwisha kupata jibu miaka mitano kabla. Tarehe 26 Februari, 1993, gari lenye baruti lililipuliwa ndani ya maegesho ya chini ya ardhi ya majengo marefu ya World Trade Center. Gesi ilifungiwa kati ya sakafu na dari, ikapasua tundu lenye upana upatao mita 30 na kupita sakafu kadhaa za zege. Watu 6 walikufa, na zaidi ya 1,000 wakaumia, wengi wao kwa moshi uliopanda ngazini. Majengo yale yaliokoka siku ile kwa kuwa yalikuwa makubwa na yenye nguzo imara za chuma. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa jengo dogo la ghorofa chache. Mlinzi aliyekataa kuinua kizuizi hakuzuia mlipuko, lakini aliuzuia usipate kuta nne. Askari yeyote anayechoka kusimama langoni, akaona kwamba kukagua magari ni kazi isiyo na heshima, na azingatie jambo hilo.

Nairobi kuna funzo jingine, nalo ni chungu. Mshindo wa bomu la mkono uliwafanya watu wengi waliokuwa maofisini wakimbilie madirishani kutazama kuna nini. Walikuwa bado wamesimama nyuma ya vioo pale mlipuko mkubwa ulipotokea. Vioo viligeuka visu. Watu wengi walijeruhiwa macho, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Ni desturi ya mwanadamu kutaka kuona, lakini kioo ndicho kitu cha kwanza kuvunjwa na kanieneo. Kwa hiyo amri ya kutolewa pindi usikikapo mshindo usiojulikana ni moja: mbali na dirisha, chini sakafuni, nyuma ya kitu kizito.

Je, mwili wa mwanadamu wenyewe hustahimili kiasi gani? Kiwambo cha sikio huanza kupasuka kanieneo inapopanda kwa theluthi moja hivi ya kanieneo ya hewa. Mapafu huanza kuumia inapokaribia kuzidi kwa kiasi kilicho sawa na kanieneo nzima ya hewa, nayo huumia zaidi kadiri msukumo unavyodumu. Ndani ya chumba msukumo hudumu. Mwaka 1996 madaktari wa Israel walichapisha hesabu ya majeruhi wa mabomu yaliyolipuka katika nchi yao. Miongoni mwa watu waliokutwa na mlipuko mahali pa wazi, walikufa watu 8 hivi katika kila 100. Miongoni mwa waliokuwa ndani ya basi, walikufa 49 katika kila 100. Hakuna maelezo yaliyo bayana kuliko hayo juu ya tofauti kati ya uwanja na chumba.

Madaktari hao, na wengine waliowafuata, walitoa onyo ambalo kila anayefika kwanza mahali pa msiba apaswa kulikumbuka. Mtu aliyekuwa ndani ya chumba au gari lililolipuka aweza kutoka akitembea, bila jeraha linaloonekana, akisema kwamba hajambo, na huku mapafu yake yamekwisha kuumia. Hali yake yaweza kubadilika baada ya saa chache. Asiachwe aende nyumbani. Apelekwe kwa daktari, na daktari aelezwe kwamba mtu huyu alikuwa ndani, wala si nje. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Sasa, kama kuta ni hatari, ghala la silaha lijengwe namna gani? Wahandisi wa majeshi walilijibu swali hilo zamani. Ghala zuri haliachwi lizuie mlipuko wake wote kwa nguvu, kwa maana hakuna zege litakaloweza. Hujengwa ubavu ulio imara na kufukiwa kwa udongo mwingi, na upande mmoja huachwa dhaifu kwa makusudi, ili mlipuko ukitokea utoke upande huo uliochaguliwa, mahali pasipo na watu. Kati ya ghala na ghala huwekwa tuta la udongo na nafasi, ili moja lisiwashe jingine. Na kuzunguka eneo zima huachwa ardhi tupu. Ukubwa wa ardhi hiyo haukisiwi kwa macho. Kanuni yake ni kwamba baruti ikiongezeka mara nane, umbali wa usalama huongezeka mara mbili. Kwa hiyo kila tani inayoongezwa ghalani yadai umbali wake, na kila nyumba inayojengwa ndani ya eneo hilo yaula umbali huo.

Maputo umbali huo ulikuwa umekwisha kuliwa. Kitongoji kilikuwa kimelizunguka ghala la Malhazine, na ndani ya ghala zilikuwamo silaha za zamani, zilizokaa miaka mingi katika joto. Baruti huzeeka. Dawa zake huharibika polepole, na kuharibika huko hutoa joto, nalo joto huharakisha kuharibika zaidi. Ndani ya ghala lisilopitisha hewa, lenye paa linalopigwa na jua, joto hilo haliondoki. Hivyo kufungiwa huleta madhara mara mbili: kwanza huhifadhi joto linaloanzisha moto, kisha huzidisha nguvu ya mlipuko wenyewe. Mabomu na maroketi yaliruka na kuangukia majumbani mwa watu waliokuwa hawana habari. Tanzania nayo yaijua huzuni hiyo. Tarehe 29 Aprili, 2009, maghala ya jeshi ya Mbagala, Dar es Salaam, yalilipuka, na tarehe 16 Februari, 2011, yakalipuka yale ya Gongo la Mboto. Katika misiba yote miwili raia walikufa na nyumba zikabomoka. Kwa hiyo habari za Maputo si za jirani pekee.

Yapo na mambo madogo ya kila siku ambayo kanuni hiyohiyo huyagusa. Roketi ya kupigia vifaru hutoa gesi ya moto upande wa nyuma ili isimrudishe nyuma mpigaji. Askari anayeipiga akiwa ndani ya chumba kidogo, au akiwa na ukuta mgongoni, atarudishiwa gesi hiyo mwilini mwake. Jenereta ikiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hujaza kaboni monoksidi bila mlipuko wowote, na walinzi waliolala humo waweza wasiamke. Jiko la gesi likivuja usiku katika bwalo la askari, anayeingia alfajiri na kubonyeza swichi ya taa ndiye anayetoa cheche. Anayesikia harufu ya gesi asiguse swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Awatoe watu, afunge mtungi iwapo waweza kufikiwa bila hatari, afungue milango na madirisha, kisha aiache hewa ifanye kazi yake.

Na wale wanaoitwa baada ya mlipuko ndani ya jengo, mgodi, ghala au tangi, wana wajibu ulio mgumu kuliko yote, nao ni wajibu wa kungoja kidogo. Moyo wa askari humsukuma kuingia mara moja anaposikia mtu akilia ndani. Lakini ndani mwaweza kuwa na gesi iliyobaki, na hewa mpya inayoingia kwa mlango uliovunjika yaweza kuirudisha gesi hiyo katika kipimo cha kulipuka. Mwaweza kuwa na kaboni monoksidi. Dari laweza kuwa limesimama juu ya nguzo iliyokwisha kupasuka. Mahali palipokusudiwa na wahalifu mwaweza kuwa na bomu la pili, lililowekwa kwa ajili ya waokoaji. Kwa hiyo hewa ipimwe kwanza, na wanaoingia wavae vifaa vya kuvutia hewa safi. Wasiingie wote kwa pamoja, na kila anayeingia jina lake liandikwe mlangoni, ili asipotoka ijulikane. Kikosi kisicho na vifaa hivyo kinasaidia zaidi kwa kuwaweka watu mbali, kwa kuifungua njia ya magari ya wagonjwa, na kwa kuwaita wenye vifaa upesi.

Amri za namna hiyo husikika kama ubaridi wa moyo mbele ya mateso ya watu. Sivyo. Huko Wankie waliotoa amri ya kuacha uokoaji walikuwa na watu zaidi ya 400 chini ya ardhi, na familia zao zilikuwa zikingoja pale juu. Walijua kwamba kila kundi linaloshuka katika hewa ile laweza lisirudi. Kutii amri hiyo kulihitaji ushujaa usiopungua ule wa kushuka.

Kwa ufupi, kanuni ni chache nazo zaweza kufundishwa katika kila kambi na kila kituo. Mlipuko hutafuta njia ya kutokea, na ukikosa njia huivunja. Mlinzi wa lango asiuruhusu upate kuta. Mwenye ghala aupe njia mbali na watu, naye ahesabu upya akiba yake kila mwaka, na silaha kuukuu ziharibiwe na wataalamu kabla hazijajiharibu zenyewe. Wenye mamlaka ya ardhi wazilinde nafasi zilizoachwa kuzunguka maghala kama zinavyolindwa maghala yenyewe. Aliye ndani akae mbali na kioo na mbali na pembe za kuta. Aliye nje asiingie kabla ya hewa. Nchi jirani zilijifunza hayo kwa kuzika watu wao, na wengine hazikuweza hata kuwazika.